Barua Niliyoisoma Nusu

Mjomba Waziri alikuja nyumbani kwetu Jumanne baada ya sala ya alasiri, akaketi barazani, akanywa kahawa kikombe kimoja, akanywa cha pili, na bado hakusema lililomleta. Mamangu alikuwa ndani akikuna nazi. Mimi nilikuwa nimetoka skuli muda si mrefu, nasahihisha madaftari ya wasichana wa darasa la pili.

"Biasha," alisema mwishowe, "mwandiko wako bado ni ule ule wa chuoni?"

"Bado, mjomba."

"Basi lete karatasi. Karatasi nzuri, si hiyo ya kuchana."

Kwa watu wetu mjomba akisema lete, unaleta. Nilileta karatasi, wino na kalamu. Mamangu aliacha kukuna nazi, nikajua kuwa anasikiliza.

Barua ilikuwa ya kwenda kwa Mzee Alfani, seremala, aliyekuwa mwalimu wa timu yetu ya mpira, Mwangaza ya Msambweni, kwa miaka tisa. Mwaka ule, hamsini na sita, tulikuwa tumemaliza katika timu nne za juu za wilaya, nafasi ya nne, tena kwa kubahatisha. Timu nne hizo zilitakiwa kutoana hadi ibaki moja ya kuchukua kombe. Jumamosi tungecheza na Waa, hapa kwetu, na atakayeshindwa hana lake tena. Mchezo wetu wa mwisho tulikuwa tumefungwa matatu kwa bila kule Kibuyuni. Kamati, ambayo mwenyekiti wake ni mjomba, ilikuwa imekata shauri kuwa Mzee Alfani aondoke na mahali pake ashike Bwana Baya, mtu wa Mariakani aliyecheza mpira jeshini na sasa anafanya kazi ya barabara Ukunda.

"Mbona msimwambie kwa mdomo?" mamangu aliuliza kutoka ndani.

Mjomba aliangalia kikombe chake. "Tumekwenda mara mbili, dada. Mara ya kwanza mkewe, Esha, alituletea mahamri na mbaazi. Tukala. Utakula mahamri ya mtu kisha umwambie ondoka? Mara ya pili nilimwachia Chande aseme, kwa kuwa ni mkubwa wetu. Chande akamwuliza habari za mjukuu. Basi tukazungumza habari za mjukuu mpaka magharibi."

"Na Randu? Si ndiye karani wenu?"

"Randu amekataa kuandika. Ati kitanda anacholalia kimechongwa na Alfani."

"Nani hapa asiyelalia kitanda cha Alfani?" mamangu alisema.

Nami pia nilikuwa nikilala juu ya kitanda cha Mzee Alfani, na sanduku nililokwenda nalo chuoni alilitengeneza yeye, akalipiga msasa hadi likawa laini kama shavu, akanibebea hadi penye gari. Lakini nilikuwa nimeshashika kalamu.

Mjomba alinipa sentensi moja tu: kwamba kuanzia siku ya barua ile timu iko chini ya Bwana Baya, na Bwana Alfani apumzike. Niliitazama ile sentensi ilivyokaa peke yake juu ya karatasi nikaona haya. Nilichukua karatasi nyingine, nikaanza upya. Niliandika salamu nyingi, nikamtakia afya yeye na watu wa nyumbani kwake, nikaandika kuwa kamati inamshukuru kwa miaka tisa, na kwamba hakuna kijana wa Msambweni anayejua kupiga mpira ila amepita mikononi mwake. Niliandika, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Kisha nikaacha nafasi, nikaiweka ile sentensi chini. Nilipomsomea mjomba, alisikiliza akitikisa kichwa.

"Tamu hiyo," alisema. "Iache hivyo hivyo." Akatia sahihi yake, akaondoka akitembea kwa wepesi kuliko alivyokuja.

Jambo moja hakuna aliyelifikiria, wala mjomba, wala kamati nzima, wala mimi niliyesomea ualimu. Mzee Alfani alikuwa msomaji mzuri, lakini alisoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa na maalimu wake katika chuo cha Kurani. Herufi za Kizungu zilikuwa kwake mistari na vitanzi tu. Nami herufi za Kiarabu nilizijua tangu utoto. Kama ningeiandika barua kwa herufi hizo, angeisoma mwenyewe, nyumbani kwake, mlango umefungwa.

Siku ya pili yake, wasichana walipokwisha kutawanyika, nilimwona anakuja kwenye veranda ya skuli. Mikono yake ilikuwa na unga wa mbao hadi kwenye viwiko, na bahasha ameishika kwa ncha za vidole asiichafue.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mama hajambo? Nimeletewa hii na Randu. Kaitupa juu ya meza kama kaa la moto, hata maji hakunywa. Nikasema, Biasha yupo, atanisomea. Nadhani ni ile ruhusa ya kufanya mazoezi Ijumaa. Niliwaomba tangu mwezi uliopita."

Nilifungua bahasha. Ulikuwa mwandiko wangu mwenyewe, na mahali pamoja kwenye neno "shukrani" palikuwa na doa la wino nililolitia jana.

"Mwandiko mzuri," Mzee Alfani alisema, akichungulia. "Hata mimi nisiyejua naona kuwa ni mzuri."

Nilisoma. Nilisoma salamu, nikasoma afya na watu wa nyumbani, nikasoma miaka tisa. Nilipofika penye vijana waliopita mikononi mwake aliangalia chini. Nilipofika penye Mwenyezi Mungu akulipe kheri aliinua mkono wake wenye unga wa mbao.

"Basi, mwanangu," alisema. "Basi. Inatosha." Alifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Unajua, nilidhani wamenichoka. Wamekuja mara mbili nyumbani, wanakaa, wananitazama, hawasemi. Nikasema moyoni, watu hawa wana jambo. Kumbe jambo lenyewe ndilo hili. Waziri haya zake zimepita kiasi."

Aliichukua barua mkononi mwangu, akaikunja pale pale ilipokuwa imekunjwa, akaitia katika mfuko wa shati.

Neno moja tu lilihitajika. Ningeweza kusema, bado, mzee, haijesha. Alishuka ngazi za veranda, akavuka uwanja, akapita baina ya milingoti ya goli akiugusa mmoja kwa kiganja, nami nilikuwa bado nimesimama, mdomo wazi, neno halijatoka.

Alhamisi mamangu alirudi sokoni na habari. Mzee Alfani alikuwa amekwenda penye kahawa ya Mangi, mahali ambapo wanaume walikuwa wakikisia mchezo wa Jumamosi tangu wiki nzima. Mangi alikuwa na mtindo wake: kila siku alipanga vikombe vitupu juu ya sinia, upande mmoja mabao ya Waa, upande wa pili mabao yetu. Siku ile upande wa Waa palikuwa na vikombe vitatu. Upande wetu hapakuwa na kitu.

"Alfani akakaa, akawaonyesha barua," mamangu alisema. "Akawaambia kamati imemshukuru kwa maandishi. Randu alikuwapo. Chande alikuwapo. Wote wanajua."

"Wakasemaje?"

"Wakasema alhamdulillahi. Wangesema nini? Randu akatazama ndani ya kikombe kama aliyeona inzi. Kisha Alfani akaondoa vikombe viwili vya Waa, akachukua kimoja akakiweka upande wetu, akasema mchezo utakwisha sare, bao moja kwa moja, na tutarudiana wiki ijayo. Mangi hakugusa kitu mpaka Alfani alipoondoka."

Nililala vibaya. Nilijiambia kuwa mjomba atalazimika kumwambia, nikajiambia kuwa Baya atakwenda kumwona. Lakini nilijua kuwa hawatakwenda. Kila mmoja alifikiri barua imekwisha kusema, na kwamba mzee anajifanya hajui kwa ajili ya heshima yake. Jumamosi angefika uwanjani na filimbi yake shingoni, na Baya yupo na filimbi yake, mbele ya watu wa Waa na wa Diani, mbele ya Bwana Shauri, mkubwa wa serikali wilayani, aliyealikwa kukaa kitini.

Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, Esha alipiga hodi. Alikuja kuazima pasi yetu ya makaa.

"Mume wangu anataka shati lake jeupe lisimame," alimwambia mamangu akicheka. "Ati Bwana Shauri atakuwapo. Nimemwambia, kwani Bwana Shauri anakuja kutazama shati lako? Akasema, mwalimu wa timu aliyepewa shukrani kwa maandishi hawezi kusimama na makunyanzi."

Mamangu alinitazama. Nilikwenda kuitwaa pasi. Ilikuwa nzito, nami sikumpa Esha.

"Nitakubebea," nilisema.

Nyumbani kwao kulikuwa mwendo mfupi tu, na Esha alizungumza njia nzima, mimi nisisikie hata moja. Mzee Alfani alikuwa bandani akipiga randa mguu wa kitanda. Niliweka pasi chini kizingitini. Nilimwamkia, akaitika, nikabaki nimesimama juu ya maranda.

"Mzee," nilisema, "ile barua sikuimaliza."

Aliendelea kupiga randa mara mbili tatu, kisha akaacha.

"Uliimaliza. Mungu akulipe kheri."

"Kuna sentensi nyingine chini."

Alitoa barua mfukoni. Ilikuwa imelainika kwa kushikwa. Aliitazama, na nadhani kwa mara ya kwanza aliona ile nafasi niliyoacha na mistari iliyo chini yake. Akanipa. "Soma."

Nikaisoma ile sentensi. Haikuwa ndefu.

Aliyesema kwanza ni Esha, kutoka mlangoni. "Watu hawa wamekuja hapa mara mbili wakala mahamri yangu!"

"Nyamaza, mke wangu."

"Ninyamaze nini? Chande peke yake alikula sita!"

Mzee Alfani aliketi juu ya gogo. "Nani aliyeiandika?"

"Mimi."

"Na zile shukrani? Waziri ndiye aliyezisema?"

"Hakuzisema. Ni zangu."

Alifikiri kidogo. "Basi juu ni yako na chini ni yao. Ulinisomea yako." Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa ya chini zaidi. "Siku mbili, Biasha. Siku mbili natembea na kitu hiki mfukoni, namwonyesha kila mtu, na mji mzima unanitazama unajua. Wewe ulinitazama unajua. Hao wengine ni wanaume wa barazani, nimewazoea. Lakini wewe!"

Nilisema nisamehe, na machozi yakanitoka, nikayafuta kwa ncha ya buibui. Hakusema kuwa amenisamehe. Alichukua randa akaitazama chini yake kwenye kisu, akaiweka.

"Kwa nini umekuja sasa?"

"Sikutaka ulijue jambo hili uwanjani."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akamwambia Esha alete daftari lake lililo chini ya mto, na kikombe cha maji anipe mimi.

Daftari lilikuwa na jalada la kitambaa, limejaa mwandiko wake wa Kiarabu, mdogo na ulionyooka. Kila mchezaji alikuwa na ukurasa wake. "Baya hawezi kusoma hii," alisema. "Wewe waweza kusoma huku na kuandika kule. Keti, uniandikie. Yeye hana kosa, kaitwa kaja. Lakini hawajui hawa vijana."

Nikaketi juu ya gogo lake, yeye akasimama. Nilinakili: kwamba Kavumbi goti lake la kushoto huvimba akikimbizwa sana mwanzoni, basi asianze kwa mbio. Kwamba winga wa Waa hupiga kwa mguu wa kulia tu, abanwe aelekee nje. Kwamba Garama akikaripiwa hupotea kabisa, bali akiitwa kwa jina na kuambiwa neno moja zuri hucheza kama watu wawili. Ukurasa baada ya ukurasa. Tulipofika kwa golikipa, Tembo, ukurasa ulikuwa umeandikwa juu tu, na chini mtupu.

"Hapa niandike nini?"

Mzee Alfani alijikuna kidevu. "Andika, Tembo apumzike, Ngala wa akiba akae golini."

Nilishtuka. Hata mimi nilijua kuwa Tembo amekuwa golikipa wetu tangu siku ya kwanza, na kwamba mabao yote matatu ya Kibuyuni yalimpita chini, kwa kuwa siku hizi akiinama huchelewa kuinuka.

"Nimelijua hilo tangu mwaka jana," alisema. "Kila nikienda kwake kumwambia ananikaribisha chai. Tunazungumza habari za mabondeni, za mpunga. Narudi." Alicheka kidogo, si kicheko cha furaha. "Namlaumu Waziri, kumbe mimi ni Waziri mwenzake."

Aliangalia jua, akachukua kofia yake msumarini.

"Hilo usiliandike," alisema. "Futa. Hilo nitakwenda kumwambia Tembo mwenyewe, sasa hivi, kisha nimwambie Baya kwa mdomo. Na nikifika kwa Tembo sikai."

"Akikuletea chai?" Esha aliuliza.

"Nitainywa nimesimama."

Nilimwuliza, akiwa mlangoni, kama ni kweli anaona tutatoka sare, au alikiweka kile kikombe cha Mangi kwa kututia moyo tu.

"Nakisia hivyo," alisema. "Makisio ni makisio, mwanangu. Hata Mangi na vikombe vyake hajui kitu."

Karatasi zile nilimpelekea Bwana Baya jioni ile kupitia kwa Randu, ambaye alizipokea asiulize zimetoka wapi.

Siku ya Jumamosi wanawake tulisimama kwenye veranda ya skuli, upande wa pili wa uwanja. Nilimwona Mzee Alfani akija na shati lake jeupe lililonyooka, hana filimbi. Alimpa Bwana Shauri mkono, akampa Bwana Baya mkono, akawapa wanakamati mkono mmoja mmoja. Nilisikia baadaye kwamba alipofika kwa mjomba alisema, "Barua yenu nimeisoma yote," na mjomba akasema, "Alhamdulillahi," akaanza kutafuta leso yake ya mfukoni. Kisha mzee alikwenda kuketi nyasini, nje ya mstari, karibu na Tembo, ambaye alikuwa amevaa kanzu na ametazama mbele tu. Hawakuzungumza nusu ya kwanza yote. Katika nusu ya pili Ngala alipodaka mpira mmoja wa juu kwa mikono miwili, niliona Tembo amenyanyuka, na mzee amemshika bega.

Waa walitufunga mawili kwa moja. Bao lao la pili liliingia dakika za mwisho, kwa kichwa, wala Ngala hakuwa na kosa. Vikombe vya Mangi vilikosea, na kikombe cha Mzee Alfani kilikosea pia. Watu wa Waa waliimba mpaka lori lao likaondoka.

Tulikuwa bado tunatoka wakati wanakamati walipokusanyika pembeni. Chande alikuwa akisema kuwa huyu Baya naye, kwa kweli, ule ubao wake mweusi wa kuwachorea vijana mchezo. Mjomba alikuwa akisema mmh. Mzee Alfani alikuwa akipita, akasimama.

"Waziri," alisema, na sauti yake tuliisikia hata sisi wa veranda, "kama una neno na Baya, yule pale anafungua viatu. Nenda ukamwambie. Huna, basi mpe mwaka mzima."

Mjomba aliangalia alipokuwa Baya. Ni kama hatua ishirini hivi. Hakwenda. Baya akabaki nasi mwaka ule na wa pili yake.

Mimi sikuonana na Mzee Alfani siku tisa. Pasi ilirudishwa na Esha, ikiwa imesuguliwa majivu, na aliponiuliza hali nilisema njema. Njiani nilipopita karibu na banda lao nilisikia randa, nikaharakisha mwendo. Mamangu alisema niache, mtu mzima akikasirika hupewa nafasi. Sikujua kama ni nafasi anayotaka au ni kwamba hataki kuniona tena.

Jumatatu ya pili alikuja skuli wakati ule ule, wasichana wametoka. Alisimama chini ya ngazi, hakupanda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alikuwa ameoga, mikono haina unga. "Biasha, watoto wako wa darasa la kwanza hujifunza kusoma kwa muda gani?"

"Mwaka mmoja. Wengine miezi sita."

"Na mtu mzima?"

"Sijui. Sijapata kumfundisha."

"Mimi nataka herufi hizi zenu," alisema. "Sitaki tena kubeba barua yangu mtaani kumtafuta mtu. Esha naye anataka, basi tutakuja wote wawili kwenu, mama yako akiwapo, baada ya alasiri. Nimekwisha mwuliza mamako. Amesema niulize mwenyewe."

Nilisema karibuni. Nikarudia, karibuni sana, mzee, hata leo.

"Leo sina nafasi, nina mlango wa watu wa kumaliza." Alipanda ngazi ya kwanza, akasimama hapo. "Mimi ni mzito, nakwambia mapema. Nitakosea. Nikikosea, usinionee haya ukaliruka kosa langu."

"Sitaliruka."

"Niambie hapo hapo."

"Nitakwambia."

"Basi kesho," alisema, akageuka kwenda kwenye mlango wake wa watu.